Maji ya moto kwenye vioo: mpwa wangu na boila ya dizeli

Mpwa wangu aliyeko Dar amenitumia video. Mzungu kasimama chini, ufito mrefu mkononi, brashi iko juu ghorofa ya tatu, na mvuke unafuka kama sufuria ya makande. Chini yake kaandika: "Shikamoo mjomba. Boila kama hii nikiiagiza, mpaka naitoa bandarini inaweza kunila shilingi ngapi? Huku vioo vimekuwa vingi."

Marahaba. Kabla hujampigia wakala wa forodha, kaa chini nikueleze. Nina miaka tisa naosha madirisha hapa Leicester, na boila, yaani mtambo wa kupasha maji, ninayo, imefungwa ndani ya gari langu hadi leo. Sijutii kuinunua. Ila kile nilichoinunulia sicho ninachoitumia.

Kwa wasomaji wanaojua ndoo na skwiza tu, niseme kwanza kazi yenyewe ilivyo. Nyumba nyingi za Uingereza siku hizi hazioshwi kwa ngazi. Unabeba tangi kwenye gari, la kwangu ni lita 400. Pampu ndogo ya betri inasukuma maji kwenye mpira wa mita 80, mpira unaingia kwenye ufito wa kaboni, na brashi iko kichwani. Unasugua, unasuuza, unaondoka, kioo unakiacha kinachuruzika. Kikikauka hakina doa, kwa sababu maji yenyewe hayana kitu ndani. Ya bomba la mtaani kwangu nikiyapima yanasoma 200 na ushee, yaani sehemu hizo za chumvichumvi katika kila sehemu milioni. Yakipita kwenye chujio la RO, lenye utando unaopitisha maji safi na kuyatema yenye chumvi, halafu kwenye chupa ya rezini, yaani chembechembe zinazonasa chumvi iliyobaki, yanasoma sifuri. Lile doa jeupe unaloliona kioo kikikauka ni chumvi iliyobaki baada ya maji kuruka. Ukiitoa mwanzoni, hakuna cha kubaki. Siri ya biashara ni hiyo, na moto haumo.

Moto niliuingia mwaka wangu wa tatu, kwa wivu. Jirani yangu wa kazi alikuwa nao, na wateja walikuwa wanatoka nje kuuangalia mvuke wake. Nikatafuta boila ya dizeli ya mtumba, ya kilowati 5, ikafungwa kwenye gari. Pauni 1,100 zikaondoka.

Jumamosi moja ya Februari nikaamua kuipima sawasawa. Nina mteja mmoja, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu. Leicester wamejaa watu wa namna hiyo, Wahindi waliotoka Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970, na wazee wao wakisikia lafudhi yangu hubadilisha lugha hapohapo. Nyumba yake ina madirisha manane yanayofanana, na naosha kila mwezi. Manne nikayaosha kwa maji baridi, manne kwa ya moto, nikamwita atoke aniambie ni yapi yameoshwa kwa moto. Akazunguka nyumba mikono nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Yote sawasawa tu, kijana," akasema. "Wewe nataka nilipe nusu?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nisingeweza kuyatofautisha. Hata muda haukuachana kwa kiasi cha kuzungumzia. Kioo kinachooshwa kila mwezi kina vumbi, chavua kidogo na utando wa buibui, na vyote hivyo vinaondoka kwa brashi na maji safi ya joto lolote.

Nikaanza kupiga hesabu ambazo ningezipiga kabla ya kutoa hela. Kupasha lita moja ya maji nyuzijoto moja kunataka kilojuli 4.2. Mimi natumia lita mbili kwa dakika. Kilowati 5 kwa mwendo huo zinapandisha maji nyuzi 36 hivi. Maji ya tangi wakati wa baridi yana nyuzi 8, kwa hiyo yanatoka kwenye boila yakiwa 44. Hapo mkono unasema moto. Lakini kati ya boila na brashi kuna mita 80 za mpira uliolala juu ya lami yenye baridi. Nilichovya kipimajoto kwenye maji yanayotoka brashini: 33. Nyuzi 11 zimepasha barabara ya watu.

Halafu kuna kioo chenyewe. Kipande cha mita moja ya mraba, unene milimita 4, kina uzito wa kilo 10, na asubuhi ya Januari kipo kwenye nyuzi 2. Dirisha moja linakula nusu dakika, yaani lita moja ya maji. Lita moja ya nyuzi 33 ikikutana na kilo 10 za kioo baridi, vikigawana joto vyote, vinapatana kwenye nyuzi 12 hivi. Yaani unachoma dizeli ili uchafu uoshwe na maji ya nyuzi 12. Ya bomba wakati wa kiangazi yanazidi hapo.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana boila nayo ina siku zake.

Ipo barabara hapa inaitwa Belgrave Road, migahawa ya Kihindi imepangana, harufu ya bhajia inakupokea ukiwa bado kwenye gari. Bomba la feni ya jikoni mara nyingi linatokea karibu na madirisha ya juu, na yale madirisha yanapakwa mafuta kila usiku. Ukisugua kwa maji baridi, brashi inateleza tu. Mafuta yanasogezwa kutoka kushoto kwenda kulia, kisha nywele za brashi zinashikana, na kila dirisha utakalogusa baadaye unalipaka. Hapo naegesha gari mlangoni kabisa. Nafunga mpira mfupi wa mita 20. Napunguza maji mpaka lita moja na kitu kwa dakika, ili boila iwe na muda wa kuyapasha, na yanafika brashini yakiwa nyuzi 55. Unayaona mafuta yakilegea, yanapoteza ule ung'aavu wa kunata, yanaanza kushuka kwa mistari ya rangi ya chai. Kazi iliyokuwa inanichukua saa nzima inaisha kwa nusu yake.

Hata hapo moto hautoshi peke yake. Mafuta ya kukaangia yakikaa muda mrefu kwenye kioo yanageuka kitu kama vanishi, na vanishi haiogopi maji ya nyuzi 55. Napuliza kwanza sabuni ya kukata mafuta, nasubiri dakika tano, ndipo moto unamalizia.

Ukoko wa chokaa ndio usahau kabisa. Watu wanafikiri maji ya moto yatang'oa yale madoa meupe ya maji ya bomba yaliyokauka miaka na miaka. Mwulize mwenye birika: ukoko ule ulitoka wapi? Maji yenye chokaa yakipashwa moto ndipo yanaiachia. Dawa yake ni tindikali nyepesi, siki au ya limau, ukisubiri na ukisuuza vizuri. Kinyesi cha ndege, moto unakilainisha, ni kweli, lakini nacho ukikilowesha kwa maji baridi ukaenda kuosha madirisha mawili mengine, ukirudi kimelainika vilevile. Vitu vingi tunavyovipasha moto vilikuwa vinaomba dakika mbili tu.

Na moto una hasara zake. Januari moja, saa mbili asubuhi, sakitu imetanda, hali ya hewa nyuzi 4 chini ya sifuri. Kibaraza cha nyumba ya zamani, kioo kimoja chembamba. Kilikuwa na pembe iliyomeguka kidogo ndani ya fremu na sikuiona. Nikafungulia maji, na mpira ulikuwa mfupi siku ile kwa hiyo yalikuwa moto kwelikweli. Nikasikia "tii", sauti ndogo kama barafu inayotupwa kwenye soda. Mstari ukapanda kutoka pembeni hadi katikati, taratibu, mimi nauangalia. Kioo cha kawaida kinaingia hatarini pale sehemu moja ikiizidi nyingine kwa nyuzi kama 40, na penye jeraha hata chini ya hapo. Kile kilichokazwa kwa moto kiwandani kinavumilia mara kadhaa ya hizo, lakini nyumba ya zamani haikupi habari kina aina gani. Nililipa. Tangu hapo siku za sakitu dirisha la kwanza naanzia juu kwenye fremu, maji yateremke yenyewe, au nazima boila kabisa.

Maji yenyewe yakishafika chini yanaganda njiani watu wapite wateleze, yawe yalitoka moto au baridi. Wenzangu wa hapa hubishana kama ya moto yanaganda haraka zaidi, na hapo ndipo mimi huwa natuna kifua, kwa sababu hoja hiyo dunia nzima inaiita kwa jina la Mtanzania: Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, akaona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa moto umetangulia kuganda. Walimcheka darasani. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar wakaichapisha. Wanasayansi hawajamaliza kubishana. Mimi nabeba ndoo ya chumvi ya kumwaga njiani, ubishi nawaachia wao.

Kwa nini basi boila bado ipo? Kwa ajili ya mikono yangu. Asiyewahi kushika ufito unaovuja maji ya nyuzi 5 kwa saa sita hawezi kujua. Vidole vinakufa, huwezi kufungua klipu za ufito, unaanza kuruka pembe za madirisha bila kujua. Mpira nao baridi inaukakamaza kama fimbo, unakataa kukunjuka, unajikwamisha kwenye kila kona ya nyumba. Hata maji yenyewe ni mazito: ya nyuzi 5 yana unene zaidi ya mara mbili ya yale ya nyuzi 40, na pampu inahema kuyasukuma. Nikiwasha boila, nyumba ya mwisho naiosha kwa mwendo wa nyumba ya kwanza. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya pesa kabisa, kuanzia Novemba hadi Machi. Kiangazi chote naizima. Mvuke ni tangazo zuri, silikatai, ila tangazo linalokunywa dizeli.

Mawili ya usalama, haraka. Boila, iwe ya gesi au ya dizeli, ndani ya gari lililofungwa inaweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua. Moshi lazima utolewe nje. Na maji yanayolala kwenye tangi yakiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, yanaweza kuotesha bakteria wa legionela, wanaoshambulia mapafu, na wewe ndiye unayepuliza yale matone na kuyavuta puani. Tangi lioshwe, maji yasikae wiki.

Hilo la mwisho linakuhusu wewe, mpwa, kuliko mimi. Simtanki yako nyeusi iko juani Mwenge tangu asubuhi. Maji yaliyomo yana joto ambalo mimi nalitafuta kwa pauni 1,100, na wewe umepewa bure. Ukiyaongezea moto halafu ukayapeleka kwenye kioo cha jengo linaloangalia jua la saa saba mchana, yatakauka kabla hujashusha brashi, na ukitumia sabuni itaganda michirizi mpaka ujute. Osha upande wa kivuli, ufuate kivuli jengo zima. Kwenye ndoo na skwiza ndiyo kabisa, maji yawe ya kawaida.

Tena hapo una bahati nyingine. Utando wa RO hupimwa uwezo wake kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi moja ikipungua unapoteza kama asilimia 3 ya maji. Wa kwangu majira ya baridi unatoa karibu nusu. Wako utatoa kamili na zaidi. Chunga tu maji ya mchana yasizidi nyuzi 45 kabla hayajaingia humo, yatauharibu utando, na rezini nayo haipendi moto. Yachuje asubuhi.

Mwisho nikamwuliza swali moja: maji yako ni ya bomba au ya kisima? Kisima, akasema, na bomba likitoka wanachanganya. Nikamwambia tafuta kipima chumvi, kile kidogo kama kalamu, hakina bei, ukichovye. Jana usiku ameniletea picha. Glasi ya maji juu ya stuli, kalamu imesimama ndani, namba inasoma 1,340.

Nimemwandikia kwamba rezini peke yake kwa maji hayo itakufa ndani ya siku chache, aanze na RO, na maji machafu yanayotemwa na RO ayatafutie kazi nyingine maana yatakuwa mengi. Hajauliza tena habari za boila. Anauliza utando wa RO unauzwa wapi Kariakoo.