VVU kwa waraibu: hatari haiko kwenye sindano peke yake

Ukitaja VVU na dawa za kulevya, wengi huwaza bomba moja la sindano linalozunguka kijiweni. Hawajakosea. Kwa makadirio ya UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, anayejidunga ana uwezekano wa kuambukizwa mara 14 zaidi ya watu wengine wazima. Tatizo ni kwamba kijana wa hapa Dodoma anayevuta kokteli, yaani heroini iliyochanganywa na bangi, akisikia hayo hujibu, "Mimi sijidungi," na hapimi.

Sisi tunaowahudumia waraibu tunaiogopa zaidi arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa ya kulevya. Nguvu ya heroini huisha ndani ya saa chache, kisha mwili huanza kudai: miayo, jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Mtu wa namna hiyo hana subira ya kwenda duka la dawa kununua bomba jipya, hata kama bei yake ni ndogo. Atashika lililo karibu. Na VVU vinaweza kubaki hai ndani ya bomba lenye mabaki ya damu kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa. Kulisuuza kwa maji hakutoshi. Wapo pia wenye bomba lao wenyewe, lakini wanachangia maji, pamba na kizibo cha kuchemshia. Damu hupita huko, pamoja na virusi vya homa ya ini C.

Arosto ikimkuta mtu hana hela, anaweza kuutoa mwili wake ili apate kete, yaani kipakiti cha heroini. Wanawake ndio huumia zaidi, maana mwenye kete ndiye mwenye kauli na kondomu haijadiliwi. Hapo anayevuta na anayejidunga wako sawa.

Kwa hiyo methadoni, dawa inayozuia arosto ya heroini, pamoja na kutibu uraibu, ni kinga ya VVU. Tanzania ilianza kuitoa Februari 2011 Muhimbili, na kwa Dodoma inapatikana Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Ni dawa ya maji, bure, mtu anainywa mbele ya mhudumu, na dozi iliyokaa sawa humshikilia siku nzima bila arosto. Wazazi wengine hulalamika kwamba tunawabadilishia watoto wao dawa tu. Jibu langu huwa fupi: huyu hajidungi, hatafuti kete usiku, na anaweza kwenda kazini. Ila asichanganye na pombe wala valiamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, anaweza kuacha kupumua.

Mwenye VVU anaendelea na ARV, dawa za kufubaza virusi, kama kawaida, na dolutegraviri, ARV inayotumika sasa, haigombani na methadoni. Inayosumbua ni rifampisini ya kifua kikuu. Huishusha methadoni mwilini, arosto inarudi, na mgonjwa akidhani dozi imechakachuliwa anarudi kijiweni. Akianza dawa za TB, kituo cha methadoni kijue siku hiyohiyo ili dozi yake irekebishwe.

Kupima kumerahisishwa. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019, aliyefikisha miaka 15 anapima bila idhini ya mzazi, na kujipima mwenyewe kunaruhusiwa. Kipimo kikionyesha maambukizi, lazima kithibitishwe kituoni. Aliyechangia sindano jana asisubiri. Dawa za kuzuia maambukizi huanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na humezwa siku 28.

Kinachowashinda wengi wa Kongwa, Mpwapwa au Manyoni ni safari. Methadoni hunywewa kituoni kila siku, hasa miezi ya mwanzo, na hakuna mwenye nauli ya kila siku. Familia yenye ndugu Dodoma mjini imwombe ampokee mgonjwa kwa miezi hiyo, na mwenyeji aelezwe ukweli tangu mwanzo, kwani atahitaji kumsindikiza kliniki.