Floyd Rose: kishanga cha uzi ukate au ukiache kichwani?

Magitaa mengi ya Floyd Rose, yani yale yenye briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) inayoelea na kubana nyuzi, ninayoletewa mezani hayana ubovu wowote, shida ni nyuzi tu, mtu kanunua seti mpya alafu kaitazama ile briji, kafunga begi, kaja kwa fundi. Kazi naipokea, lakini kusema ukweli hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani ukiwa na alenki (ile spana ya pembe sita iliyopinda) na plaizi ya kukatia, ila kuna njia zaidi ya moja na wengi wamefundishwa ile moja ya kukata kishanga, kile kiduara cha shaba mwisho wa uzi, wakadhani ndo sheria.

Tuelewane kwanza mfumo wenyewe. Floyd Rose ni jina la mtu, Mmarekani mpiga gitaa aliyechoka tyuni kuhama kila akitumia mkono wa tremolo, ule wa kutikisa briji ili sauti iyumbe, akaamua uzi ubanwe sehemu mbili, juu pale shingo inapoanza na chini kwenye briji, usipate pa kuteleza. Patenti yake ilitoka 1979 na mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen alikuwa kati ya watu wa mwanzo kuitumia. Matoleo ya mwanzo hayakuwa na fain-tyuna, yani ukishabana juu, tyuni ikihama kidogo tu inabidi ufungue loki, kile kibano cha juu, uanze tena, zile skrubu za kuzungusha kwa vidole pale kwenye briji zilikuja baadae.

Sasa njia ya kawaida. Unakata kishanga cha shaba mwisho wa uzi, na usikate kishanga peke yake, kata mpaka uvuke ile sehemu uzi ulipojisokota, sababu msokoto ni mnene, ukiuingiza kwenye kitako cha briji, pale kila uzi unapokalia na kubanwa, kile kipande kidogo cha chuma kinachobana hakikai sawa, uzi unateleza au kipande chenyewe kinapasuka. Ncha inaingia mbele ya hicho kipande, unakaza skrubu ndefu ya nyuma kwa alenki ya milimita 3, kaza mpaka uzi ugome kutoka, basi, ukiendelea unaua meno ya skrubu. Kisha unaupeleka uzi juu, unazungusha kwenye ufunguo wa kutyuni kule kichwani, unakata kinachobaki.

Mi siku hizi magitaa mengi nafunga kinyume. Kishanga sikikati, nachukua ncha tupu naipitisha kwenye tundu la ufunguo kule kichwani, naingizia upande wa nyuma usioelekea shingo, navuta uzi wote mpaka kishanga chenyewe kigote kwenye ufunguo. Napitisha chini ya kile kichuma cha kukandamiza nyuzi, juu ya loki ambayo bado iko wazi, nashuka nao mpaka kwenye kitako. Hapo nauvuta unyooke, naongeza kama sentimita 5 kupita kitako, nakata, naingiza ncha, nabana, zile sentimita 5 zinageuka mizunguko miwili mitatu kule juu nikianza kukaza. Faida yake unaiona ukishika kichwa cha gitaa, hakuna ncha za kuchoma vidole, na uzi ulioshikwa na kishanga hauwezi kuteleza kwenye ufunguo hata ukiwa na mzunguko mmoja. Halafu unachobana kwenye kitako ni uzi msafi wa katikati, huna haja ya kuwaza msokoto umeishia wapi. Hasara ni moja, ukikata fupi umeumia, kwa hiyo pima mara mbili.

Kwa sisi tunaonunua seti kwa bei ya kuagizia, kuna jambo nalisisitiza kwa kila mteja, njia yoyote utakayotumia acha akiba ya mizunguko kichwani kwa zile nyuzi tatu nyembamba. Uzi kwenye Floyd Rose mara nyingi unakatikia pale kwenye kitako, na ukiwa na akiba unalegeza ufunguo, unavuta kama sentimita 2, unabana upya, unaendelea na shoo. Angalia kitu kimoja ukifanya hivyo, ile alama bapa iliyoachwa na loki inashuka na uzi, inakaa kati ya loki na freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni), maana kwenye shingo ya kawaida ya milimita 648 freti ya kwanza iko kama milimita 36 kutoka kwenye loki. Kwenye uzi mwembamba huisikii kabisa, ila nyuzi zilizozungushiwa waya sishauri, pale paliposagwa panakuwa dhaifu, bora uweke mpya.

Kuna briji ambazo hazitaki kukata chochote. Ibanez Edge Pro inapokea kishanga kama kilivyo, na Kahler mfumo wake ni mwingine kabisa, kishanga kinaning'inia kwenye briji.

Suala lingine ni kubadilisha mmoja mmoja au kutoa zote. Briji inaelea, nyuzi zinavuta huku na springi za nyuma zinavuta kule, kama mizani ya dukani, kwa hiyo ukitoa zote mkia wa briji unazama. Kama unarudishia saizi ileile, badilisha mmoja mmoja. Ukitaka kusafisha freti, weka kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa chini ya mkia wa briji kabla hujalegeza kitu, ukimaliza kutyuni ndo unakitoa. Ukihama saizi jiandae kufungua kifuniko cha nyuma, seti ya 9-42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa sehemu za elfu za inchi) kwa tyuni ya kawaida inavuta karibu kilo 38 kwa jumla, ya 10-46 karibu kilo 47, hapo lazima ukaze zile skrubu mbili zinazoshika springi kwa bisibisi, robo robo, huku unatyuni tena, mpaka briji ilale sambamba na mwili wa gitaa.

Kabla ya kubana loki vuta kila uzi kwa mkono, tyuni, rudia mpaka ugome kushuka, na fain-tyuna zote ziwe katikati au zimelegezwa kidogo, maana nyuzi mpya huwa zinashuka na utahitaji nafasi ya kupandisha. Ukibana loki noti zikapanda, kile kichuma cha kukandamiza kiko juu sana, kikaze mpaka nyuzi zilale bapa kwenye loki zenyewe. Na walioko Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, hewa ya chumvi inagandisha skrubu za vitako vibaya mno, kila ukibadilisha nyuzi zitoe, paka tone la mafuta ya cherehani, futa yaliyozidi ndo urudishe.