Iko levo, lakini imenyooka?

Nilishika timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kabla sijashika totali stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali, na tangu nianze upimaji hapa Moshi nasikia maneno yaleyale, kwamba kilicho levo kimenyooka, leza haipindi, mashine mpya haikosei, na kamba ni ya kizamani, kutoka kwa wateja, wakandarasi, hata vijana waliomaliza chuo juzi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu maneno hayo hayana madhara. Kwa kitu cha kilomita moja na zaidi, iwe bomba, reli au njia ya ndege, yanagharimu.

Dhana: kilicho levo kimenyooka

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Levo ni uso wa maji yaliyotulia, na maji yaliyotulia hufuata mviringo wa dunia. Mstari mnyoofu haufuati mviringo wowote. Chukua njia ya kurukia ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, yenye urefu wa mita 3,600 hivi. Mstari mnyoofu ukianza levo kabisa kwenye ncha moja, ukifika ncha ya pili utakuwa umepanda juu ya levo kwa takribani mita 1. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kilomita kwa zenyewe, kisha mara sentimita 7.85. Umbali ukiongezeka maradufu, tofauti inakuwa mara nne. Ndiyo maana kwenye kiwanja cha mjini hakuna anayeiona.

Ndege haisumbuliwi na hilo. Mwanga unasumbuliwa. Kituo cha LIGO kule Marekani, kinachonasa mawimbi ya mvutano kutoka angani, kina mabomba ya kilomita 4 ambamo leza hupita, na wajenzi walilazimika kufidia zaidi ya mita 1 ya mviringo ili mabomba yanyooke kweli. Pia kuna daraja la Verrazzano-Narrows, New York. Minara yake miwili ina urefu wa zaidi ya mita 200, na kileleni imeachana kwa takribani milimita 41 zaidi ya ilivyoachana chini. Kila mnara umesimama timazi. Hakuna fundi aliyekosea: timazi mbili zilizo mbali haziwi sambamba kamwe, kwa sababu kila moja inaelekea katikati ya dunia.

Tena timazi huvutwa na mlima. Mwanaastronomia Mwingereza, Maskelyne, alilipima jambo hilo mwaka 1774 kwenye mlima Schiehallion, Uskoti, mlima ambao ukiuweka kando ya Kibo ni kilima tu. Sisi tunaopima chini ya Kilimanjaro tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua.

Dhana: leza haipindi

Pita Boma Ng'ombe saa saba mchana, jua likiwa kali. Yale "maji" unayoyaona mbele juu ya lami ni mwanga wa anga uliopindwa na hewa ya moto. Leza nayo ni mwanga, na inapita katika hewa hiyohiyo. Waliojenga kiongeza kasi cha chembe cha SLAC, California, chenye urefu wa kilomita 3 na kilichokamilika mwaka 1966, walilijua hilo. Leza ya kukinyoosha waliipitisha ndani ya bomba pana la sentimita 60 lililonyonywa hewa.

Sisi bomba hilo hatuna. Tuna siku za mawingu, na tuzitumie. Usipitishe mstari wa kulenga karibu na ardhi, wala kandokando ya ukuta uliopigwa na jua: ukuta wa moto hupinda mwanga kwenda upande, na kosa la upande ni gumu kuligundua.

Dhana: mashine mpya haikosei

Niliwahi kuitwa Arusha kukagua mstari wa vigingi uliokataa kukubaliana na alama za zamani. Mashine ilikuwa mpya na safi, ila mipangilio ya hali ya hewa ilikuwa bado ile ya kiwandani, ya usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, mwanga unakwenda kasi kidogo zaidi, na mashine inasoma umbali mfupi kuliko ulivyo, kwa sentimita 4 hadi 5 katika kila kilomita. Kuingiza joto na kanieneo ya hewa kabla ya kuanza kazi kunachukua dakika moja.

Pembe nazo zina yake. Kosa la sekunde 5 tu (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), ukifika mita 3,600, ni karibu sentimita 9. Pindua darubini, soma pembe kwa nyuso zote mbili za mashine, chukua wastani.

Dhana: kamba na mpira wa maji ni vya kizamani

Huko CERN, kituo cha utafiti wa chembe kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, baadhi ya sumaku nyeti kuliko zote hufuatiliwa kwa waya uliovutwa na vyombo vya maji vilivyounganishwa kwa bomba. Waya hulegea kwenda chini kwa uzito wake, lakini ukiutazama kutoka juu umenyooka, mradi upepo usiuguse. Kanuni ni ileile ya fundi wetu wa mtaa wa Majengo na mpira wake wa maji wa kupimia levo. Naye ahakikishe hakuna povu ndani, na asiache ncha moja juani na nyingine kivulini: maji ya moto ni mepesi, yatasimama juu zaidi, na levo itakuwa ya uongo.