Je, wajua kwa nini nadharia ya sayansi si orodha ya kanuni tu?

Katika maabara ya fizikia ya shule yoyote ya upili jijini Nairobi, jaribio la pendulamu halikosi. Gololi hufungwa kwenye uzi wa mita 1, ikavutwa kando kidogo na kuachiliwa, kisha mwanafunzi akahesabu mibembeo 20. Jiji hili liko karibu na ikweta, na tena zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mchapuko wa uvutano ni takriban mita 9.78 kwa sekunde mraba, si 9.81 tuliyoizoea vitabuni. Fomula ya shuleni ya muda wa pendulamu, inayotokana na sheria za Newton, inatabiri sekunde 40.2. Sasa ivute gololi hiyo hadi pembe ya nyuzi 60. Saa itasoma karibu 43, na ukiupitisha muda huo kwenye fomula ileile, utapata uvutano wa 8.5. Je, Newton alikosea?

Hakuna mwanafizikia atakayekubali. Lakini ana haki gani ya kukataa? Jibu linategemea unachokiita nadharia.

Wanafalsafa wa sayansi Rudolf Carnap na Carl Hempel waliiona nadharia kama mkusanyiko wa sentensi: aksiomu, yaani kauli za msingi, zenye maneno kama nguvu na elektroni, pamoja na kanuni za kuyaunganisha maneno hayo na vitu vinavyoonekana. Mtazamo huu ulitawala kwa miongo kadhaa. Shida yake ni kwamba aksiomu zikipangwa upya kwa maneno mengine, tayari unahesabiwa una nadharia nyingine, hata kama kilichobadilika ni lugha tu. Tena mpaka kati ya kinachoonekana na kisichoonekana haukuwahi kuchorwa vizuri. Katika kongamano la Urbana, Marekani, mwaka 1969, Hempel mwenyewe alijitenga na mtazamo huo. Kwa mwanafalsafa aliyeujenga kwa miaka mingi, huo ni uaminifu wa kuheshimiwa.

Wanafalsafa wengine, Patrick Suppes, Bas van Fraassen na Ronald Giere, walishika njia nyingine: nadharia ni familia ya modeli, yaani mifano ya kufikirika ya vitu halisi. Pendulamu ya pembe ndogo ni modeli moja, ya pembe kubwa ni nyingine, na yenye ukinzani wa hewa ni nyingine tena. Fomula ni kweli kabisa ndani ya modeli yake. Kinachoweza kuwa kweli au uongo, asema Giere, ni dai kwamba gololi hii inafanana na modeli ile, katika mambo fulani na kwa kiwango fulani.

Hapo ndipo kosa la nyuzi 60 linapoonekana. Fomula ya shuleni huchukua pembe yenyewe badala ya sine ya pembe (ile ya trigonometria). Kwa nyuzi 10, tofauti ni kama asilimia 0.2, yaani chini ya sekunde 0.1 katika mibembeo 20. Kidole kinachobonyeza saa hukosea zaidi ya hapo. Kwa nyuzi 60 inafika asilimia 7. Lililoanguka ni dai la kufanana. Modeli ya pembe kubwa, iliyojengwa kwa sheria zilezile za Newton, inatoa sekunde 43 bila taabu.

Nauona mtazamo huu kuwa na nguvu zaidi, ila una pengo. Watafiti Mary Morgan na Margaret Morrison walionyesha mwaka 1999 kwamba modeli haichipuki kutoka kwenye nadharia peke yake. Ukitaka kujua hewa inapunguza mbembeo wa gololi yako kwa kasi gani, sheria tatu za Newton hazitakupa namba hiyo. Itabidi uiache ibembee, na upime.