Ati sindano ya diklofenaki, ile dawa ya maumivu, haigusi tumbo?

Hapa Malindi utasikia mtu akisema, mimi nina vidonda vya tumbo kwa hivyo tembe sitaki, nachomwa sindano, haipiti tumboni. Si kweli bwana. Dawa ikishaingia kwenye damu, iwe kwa mdomo ama kwa sindano, inazuia mwili kutengeneza kemikali za maumivu na uvimbe, na jamaa zake hizo kemikali ndio zinalinda ukuta wa tumbo na kusaidia figo kupata damu, sasa ukizima huku umezima kote. Kabla hujachomwa sema kama una vidonda, presha, figo, pumu ama mimba, hasa ikifika wiki 20. Na homa ikishukiwa ni dengi, ile wazee walioiita kidingapopo, hata Brufen, dawa ya jamii moja na diklofenaki, weka kando, inaweza kuzidisha kuvuja damu, meza panadol kwa kipimo.