Pengo la hesabu si ghala la silaha

Juzi tena, mjadala wa vita vya Iraq vya 2003 umepamba moto, vile ambavyo Marekani na Uingereza zilivianzisha kwa kudai Iraq inaficha silaha za maangamizi, mtu akasema kwa uhakika kabisa: "Hata wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walisema silaha zipo." Nimechoka kuisikia kauli hii. Zamani ilikuwa ya watetezi wa Bush na Blair. Siku hizi naisikia hata kwa wanaoilaani vita yenyewe. Mimi ni mkemia, kazi yangu ni kuhakiki hesabu za kemikali za sumu, na naomba tuelewane: wakaguzi hawakusema hivyo.

Walichosema ni hiki. Tarehe 27 Januari 2003 Hans Blix, mkuu wa UNMOVIC, tume ya wakaguzi hao wa Umoja wa Mataifa, alilieleza Baraza la Usalama habari za waraka mmoja wa jeshi la anga la Iraq. Mkaguzi aliukuta makao makuu ya jeshi hilo mwaka 1998, akawa nao mkononi, Wairaki wakampokonya. Serikali ya Baghdad iliukabidhi baada ya wakaguzi kurudi mwishoni mwa 2002. Ulionyesha kwamba katika vita na Iran jeshi lilidondosha mabomu ya kemikali 13,000. Iraq ilikuwa imetangaza kwamba ilitumia 19,500. Tofauti ni mabomu 6,500 ambayo haikujulikana yalikokwenda, na ambayo yangebeba sumu ya kama tani 1,000.

Tani hizo hakuna aliyeziona wala kuzipima. Zimetokana na kutoa namba moja kwenye nyingine, kisha kuzidisha kwa ujazo wa bomu. Mwenye duka akifunga hesabu za mwaka akakuta magunia kumi hayaonekani, huenda yameibwa, huenda yaliuzwa bila kuandikwa, huenda karani alikosea tangu siku yalipopokelewa. Daftari peke yake halitamwambia ni lipi. Na hapa tunazungumzia jeshi lililopigana miaka minane, marubani wakiruka usiku na mchana. Kwangu mimi ajabu ingekuwa vitabu vyake kulingana.

Halafu kuna kemia yenyewe, ambayo wanasiasa waliiruka. Sarini ya Iraq, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, ilikuwa chafu, ya kuharibika ndani ya miezi. Gesi ya haradali, ile inayobabua ngozi, ni habari nyingine, hiyo hudumu miaka mingi. Ndiyo maana makombora ya zamani yaliyofukuliwa baada ya 2003 yaliweza kuwadhuru askari wa Marekani. Ndiyo, yalikuwepo. Yalitengenezwa kabla ya vita vya Ghuba vya 1991, mengi yameliwa na kutu, na si hayo yaliyotangazwa kuwa sababu ya vita.

Tarehe 5 Februari Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, aliliambia Baraza hilohilo kwamba, kwa makadirio ya chini, Iraq ina akiba ya tani 100 hadi 500 za sumu. Sisemi namba zake zilitoka kwenye waraka ule. Nasema masikioni mwa watu pengo la Blix na akiba ya Powell vilichanganyika vikawa kitu kimoja, na hadi leo havijaachana. Blix mwenyewe alikuja kueleza kwamba moyoni alidhani Iraq inaficha kitu. Lakini hisia zake hakuziandika kwenye ripoti kama ushahidi, na kwa hilo namheshimu sana.

Sasa nisiwadanganye kwamba fani yetu ina majibu yote. Tarehe 7 Machi Blix alisema kazi iliyobaki ilihitaji miezi, si wiki wala miaka. Siku kumi na moja baadaye wakaguzi waliondolewa, mabomu yakafuata. Wengi wetu hupenda kuamini miezi hiyo ingemaliza ubishi. Mimi nina mashaka. Chukua kimeta, vimelea vya ugonjwa vilivyokuzwa ili viwe silaha: Iraq ilitangaza kuzalisha lita 8,500, ikasema iliziteketeza zote mwaka 1991, kwa siri, bila mkaguzi kushuhudia. Ukichimba udongo mahali palipomwagwa unaweza kukuta dalili za vimelea. Je, zilimwagwa lita elfu moja au elfu nane? Udongo hausemi, na maabara nzuri kuliko zote haiwezi kuulazimisha useme.

Uchunguzi wa baada ya vita ulikuja kueleza kwamba sehemu ya kimeta hicho ilimwagwa karibu na kasri la Saddam huko Radwaniyah, na waliohusika wakaogopa kulitaja mahali hapo asije yeye akajua. Kwa hiyo mbele ya wakaguzi waliendelea kutoa hesabu isiyokamilika, huku nje ikisomwa kuwa ushahidi wa silaha zilizofichwa.