Paa la kuinuka la Kombi huvujia kwenye bawaba

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimechanganya, mzee mmoja wa Shangani ya Mtwara aliniletea karakanani Mikindani Kombi yake ya Volkswagen yenye paa la kuinuka la kampuni ya Westfalia, yaani paa linalofunguka juu na kuzungukwa na turubai ili watu walale ndani, akanieleza kwamba kila anapolala ndani yake tone la maji humdondokea sikioni. "Fundi, turubai nimeshabadilisha mara mbili, na bado linavuja," alilalamika. Nililimwagia turubai maji kwa mpira robo saa nzima, likabaki kavu kwa ndani. Ndipo nikashusha paa, nikamimina kikombe kimoja cha maji kwenye bawaba ya nyuma, gari likiwa limeinamisha pua kidogo. Baada ya dakika chache tone lilichomoza mbele, umbali wa mkono mzima kutoka pale lilipoingilia, kwa kuwa lilitambaa juu ya plaiwudi ya dari mpaka likapata upenyo. Maturubai mawili yalikuwa yamenunuliwa bure.

Wengi wakisikia paa la kuinuka huwaza turubai na kitanda cha juu. Mimi huanza na tundu. Ili paa hilo liwekwe, sehemu kubwa ya bati la juu hukatwa, na bati hilo halikuwa kifuniko tu: lilikuwa linashikanisha nguzo za pembeni zisicheze gari linapopita kwenye mashimo. Waundaji makini hurudisha nguvu hiyo kwa fremu ya chuma inayozunguka tundu lote. Asiyejua hukata, akaweka paa la faiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo) juu na kuziba ukingo kwa gundi, kisha baada ya safari chache za barabara ya vumbi milango ya nyuma inaanza kukataa kufunga.

Mapaa haya hayafanani, na tofauti yao kubwa ni upande wa bawaba. Lile la Dormobile, lililotengenezwa na Martin Walter wa Folkestone, Uingereza, hufunguka kwa ubavu kama kifuniko cha sanduku, na turubai lake la mistari hutambulika kwa mbali. Liliwekwa kwenye vani za Bedford CA, na pia kwenye Land Rover ndefu, ambazo ndizo fundi wa huku anaweza kukutana nazo. Lile la Westfalia ya Ujerumani kwenye Kombi za kizazi cha tatu, zilizoanza kutolewa mwaka 1979, lina bawaba nyuma na hufunguka kwa mbele. Yapo pia yanayopanda wima kwa pembe zote nne. Hayo hutoa nafasi nzuri ya kusimama, lakini yana viungo vingi vya kulegea, na kwa kweli siyapendi.

Upande wa bawaba si suala la umbo tu. Ukilala Msimbati wakati kusi inavuma, gari lenye bawaba nyuma ulielekeze kisogo kwenye upepo, ili upepo upande juu ya paa badala ya kuingia mdomoni mwake. Barabarani, hata hivyo, mdomo huohuo ndio unaotangulia, hivyo kufuli la mbele likiachia ukiwa kwenye mwendo, upepo hulishika paa kama tanga. Ndiyo maana kila paa la namna hiyo ninalolifanyia kazi huliongezea mkanda wa pili kwa ndani, mwenye gari apende asipende.

Sasa nirudi kwenye bawaba za yule mzee. Aliyemuuzia gari aliongeza shoki mbili za gesi, kila moja yenye nguvu ya nyuton 600, ili paa lipande kwa kusukumwa na mkono mmoja. Shoki husukuma kwa kufuata urefu wake. Paa likiwa juu, shoki imesimama na nguvu yake inabeba uzito. Paa likifungwa, shoki hulala karibu sambamba na bati, na kwa vile gesi iliyo ndani imebanwa zaidi, msukumo wake ndio kwanza umeongezeka. Msukumo huo hauliinui paa tena, bali hulisogeza kwa mlalo, na kinacholizuia ni skrubu za bawaba peke yake. Kwa maneno mengine, gari lililoegeshwa chini ya mwembe mwaka mzima bila kufunguliwa lilikuwa likizichosha skrubu zake usiku na mchana. Nilipozifungua, matundu yalikuwa yameshakuwa marefu kama punje za mpunga, na bati lenyewe pale halifiki milimita moja na nusu.

Juu ya hilo kuna jua. Faiba hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwenye paa la mita mbili, tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana hulifanya faiba lizidi bati kwa karibu milimita moja, nalo hurudi tena usiku. Bolti iliyobana kwenye tundu la saizi yake haiupi mwendo huo nafasi, na ufa mwembamba huanza pembeni mwa tundu ukitawanyika kama nyota. Mimi hutoboa tundu kubwa kidogo kuliko bolti, nikaweka washa pana juu, na kwa ndani kipande cha bati nene cha kugawanya mzigo, kisha nikakaza kwa kiasi, maana faiba likibanwa mno hupondeka.

Kwetu pwani chumvi nayo haichelewi. Bawaba ya alumini ikifungwa kwa skrubu ya stenlesi, unyevu wa chumvi ukiwa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umejaa kuzunguka kichwa cha skrubu, na mwenye gari atakuapia kwamba stenlesi haiozi, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu kinachooza ni jirani yake. Dawa yake ni kutenganisha metali hizo kwa washa ya plastiki na kupaka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga.

Hapa nakiri kosa langu la zamani. Kwa miaka kadhaa niliziba kila kitu kwa silikoni ya dukani, ile inayonuka siki. Harufu ile ni ya asidi, na asidi huamsha kutu kwenye bati lililochubuka. Tena mabaki yake yakishaingia kwenye faiba, rangi na gundi nyingine hazishiki tena mpaka upige msasa kwa kina. Siku hizi natumia gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, ambayo hubaki laini na kuufuata mwendo wa paa.

Kuhusu turubai nina machache. La pamba likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba zenyewe, mradi lishonwe pia kwa uzi wa pamba. Usilikunje bichi, kwani ukungu hulimaliza.

Kombi ya mzee nilifunga bawaba upya kwa bolti zenye bati la ndani, nikapendekeza shoki zitolewe. Alikataa katakata, akisema mgongo wake hauruhusu kuinua paa kwa mikono. Tukakubaliana kuweka za nyuton 350, ambazo zinamtaka asaidie kidogo kwa bega. Kisha nikamimina kikombe kilekile cha maji kwenye bawaba, mzee akalala kitandani na sikio lake palepale, tukasubiri nusu saa. Hakudondokewa, ila alisinzia, na ilinibidi nimwamshe ili nifunge karakana.